Boti za kivita za kuunda mezani: resini au plastiki?

Boti ya torpedo ya Elco, ile ya futi 80 iliyotumiwa na Jeshi la Majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, haimsumbui mnunuzi. Revell wanayo PT-109 ya plastiki kwa skeli 1/72, yaani boti halisi imepunguzwa mara 72. Italeri wanayo PT-596, plastiki pia, kwa 1/35. Unachagua ukubwa, unalipa, basi. Lakini mtu akiitamani Monitor ya mito ya Vietnam, lile dude la chuma lenye mzinga wa milimita 40 puani na nondo za kujikinga ubavuni, atazunguka maduka mpaka akutane na sanduku zito lenye vipande vya rangi ya maziwa vilivyotiwa kwenye vifuko, havina fremu ya kuvishikilia, na maelekezo ni karatasi chache. Hiyo ndiyo resini. Bei yake mara nyingi inazidi maradufu ile ya plastiki ya ukubwa uleule, na hapo ndipo swali linapozuka: unalipia nini hasa?

Msimamo wangu nauweka mapema. Kama boti unayoitaka ipo kwa plastiki, chukua plastiki, na pesa itakayobaki inunulie vipande vichache vya resini vya kuiboresha. Seti nzima ya resini iwe ya boti usiyoweza kuipata kwa njia nyingine, au ya skeli ndogo kabisa. Yanayofuata ni sababu zangu, na baadhi yake zinaipa resini ushindi.

Kalibu ya chuma na kalibu ya mpira

Plastiki ya seti hizi ni polistirini. Huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa kwa gharama kubwa, na kalibu hiyo ikishakuwepo hutoa maelfu kwa maelfu ya nakala zinazofanana. Kiwanda hakiingii gharama hiyo bila uhakika wa wanunuzi. PT-109 ilikuwa nao tangu mwanzo: nahodha wake alikuwa John F. Kennedy, na tarehe 2 Agosti 1943, katika Visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani Amagiri iliigonga na kuipasua. Boti iliyombeba rais mtarajiwa inajiuza yenyewe.

Resini ya kumimina ni poliyurethini. Majimaji mawili yanachanganywa, yanamiminwa kwenye kalibu ya mpira wa silikoni, na muda si mrefu kinatoka kipande kigumu. Fundi mmoja anaweza kuifanya kazi yote hiyo kwenye banda lake, mradi awe na subira ya kuchonga kielelezo cha kwanza. Ila mpira huchanika. Baada ya kumimina mara kadhaa ncha zinaanza kulainika na mistari kufifia, na kalibu mpya inahitajika. Unalipia mikono ya mtu na mpira wake, na unalipia pia ukweli kwamba wateja wa boti hiyo duniani kote ni wachache.

Kwa upande wetu huku, mfano mzuri ni Mimi na Toutou. Hizo ni boti mbili za mbao za futi 40 zilizojengwa na Thornycroft ya Uingereza. Mwaka 1915 zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Kongo, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni tena, na kabla mwaka haujaisha zikawa zinaelea Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata boti ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ni kisa kitamu kuliko cha PT-109, kwa maoni yangu. Lakini kiwanda kikubwa hakina sababu ya kuchonga chuma kwa ajili ya boti mbili. Fundi wa bandani anayo, nayo ni kwamba anazipenda.

Bodi ndiyo inayoamua

Watu wengi wakilinganisha resini na plastiki wanaanza na vitu vidogo: nani ana rashasha nzuri zaidi, nani ana kamba zilizokunjwa vizuri sitahani. Kwenye kifaru au ndege hoja hiyo ina uzito. Kwenye boti, nusu ya unachokiona ni bodi tupu, sehemu pana iliyopinda taratibu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na kosa lolote hapo linaonekana kutoka mlangoni.

Bodi ya plastiki kwa kawaida huja vipande viwili, kushoto na kulia, vinavyokutana kwenye mkuku, yaani uti wa chini, na sitaha inakaa juu yake. Maana yake una mshono mrefu chini na mingine miwili juu, kila upande mmoja. Mshono wa chini ukijazwa na kupigwa msasa unatoweka bila shida kubwa. Wa sitaha ndio wenye matata, kwa sababu uko jirani na vitu ambavyo hutaki kuvifuta kwa msasa: misumari, vifuniko, ukingo wa mbao. Kwenye boti ndefu kama Schnellboot S-100, boti ya torpedo ya Wajerumani, ya Italeri ya 1/35, ambayo inakaribia mita nzima, kuta hizo ni ndefu na nyembamba kiasi kwamba bila kuziwekea mataruma (mbavu) ya ndani zinacheza unapozishika. Kata vipande vya plastiki au ubao mwembamba, vipachike kwa ndani kila baada ya sentimita kumi au zaidi kidogo, ndipo ufunge sitaha.

Resini inakuja na dawa ya ugonjwa huo: bodi ya kipande kimoja, mara nyingi pamoja na sitaha yake. Hakuna mshono wa kutafuta. Kwenye boti ndogo bodi hiyo huwa imejaa. Kwenye 1/35 huwa na uwazi ndani ili kupunguza uzito na kuokoa resini. Mchongaji mzuri anaweza pia kukupa kitu ambacho kalibu ya chuma hukitoa kwa shida. Chukua Swift, boti ya doria ya futi 50 ya Vietnam. Chimbuko lake ni boti za kusafirisha wafanyakazi wa mitambo ya mafuta katika Ghuba ya Meksiko, na bodi yake ni ya alumini nyembamba iliyochomelewa juu ya mataruma. Ukiitazama picha yake ya jua la alasiri utaona bati limebonyea kidogo kati ya taruma na taruma. Kwenye resini mabonyeo hayo yanaweza kuchongwa kwenye kielelezo na yakatoka na kalibu, kwa kuwa mpira unavutika na kutoka hata penye mapindo.

Sasa upande wa pili. Bodi ya resini inaweza kufika imepinda kama ndizi. Inapopoa na kukauka inavuta, na kama ilitolewa kwenye kalibu mapema, au ilikaa vibaya kwenye sanduku kwa miezi, omo na tezi vinanyanyuka. Bodi yenye uwazi inarekebishika: itumbukize kwenye beseni la maji ya moto mpaka ilegee, ikandamize juu ya kioo, kisha imwagie maji ya baridi ukiwa bado umeishikilia. Bodi iliyojaa haikubali haraka hivyo. Maji ya moto hayafiki moyoni, na mara nyingine kinachobaki ni kusaga tumbo lake juu ya msasa mpana mpaka likae sawa.

Kuna jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa: je, bodi ina sehemu ya chini ya maji? Seti nyingi za resini hukatwa kwenye mstari wa maji, zikawa na tumbo bapa la kukaa juu ya maji ya kuigiza. Kama nia yako ni kuionyesha boti ikikata mawimbi, hilo ni jema, umepunguziwa kazi. Kama unataka kuisimamisha juu ya vigingi watu waone propela, utajuta. Kwa S-100 ningesema tumbo ni nusu ya raha: propela tatu, na usukani wa katikati ukiwa na viusukani viwili pembeni vinavyoelekezwa nje ili kubadilisha mtiririko wa maji nyuma ya propela na kuongeza mwendo. Kwa PBR, boti ndogo ya doria ya mitoni, chini hakuna cha kuona. Haina propela kabisa. Inasukumwa na pampu za maji, ndiyo maana iliweza kupita kwenye vina vifupi vilivyojaa magugu.

Gundi na vumbi

Gundi ya plastiki haiunganishi kwa kunata. Inayeyusha nyuso mbili zikawa moja. Kwa resini haifanyi kitu. Utaipaka, itakauka, kipande kitaanguka. Resini inataka supaglu au epoksi, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana nafuu ambayo wenzetu wa Ulaya hawaifikirii. Supaglu ipo kwenye kila kibanda. Gundi halisi ya plastiki ni kimiminika kinachowaka moto, hairuhusiwi kwenye barua za ndege, na madukani kwetu si rahisi kuipata. Wengi tunaoishi mbali na maduka ya hobi tumeishia kutumia thina ya wapaka rangi wa magari, inayoyeyusha polistirini vizuri. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, tone dogo kwa brashi nyembamba, dirisha likiwa wazi.

Fila, ya kujazia mianya, pia iko upande wa resini. Ile ya gereji, ya kuchanganya na kigumishi, inashika resini barabara na kusagika vizuri. Kwa vijishimo vya hewa, supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto inatosha. Isage mapema kabla haijawa ngumu kuliko resini yenyewe.

Supaglu ina tabia moja ya kuiangalia kwenye boti. Inashika papo kwa papo lakini haipendi kupigwa kwa ubavu. Mlingoti, mizinga, mabomba ya torpedo, vyote vinavyochomoza vitakwanyuka siku utakapoifuta boti vumbi. Toboa tundu jembamba pande zote mbili, tia kipande cha waya wa shaba, ndipo ugundishe. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kipande, na seti ya resini ina vipande vingi vya namna hiyo.

Halafu vumbi. Vumbi la resini ni jembamba sana na si la kuvutwa na mapafu. Saga kwa msasa wa maji, vaa barakoa ya kweli ya kuzuia chembechembe na si ya kitambaa, na usifanye kazi hiyo chumba anacholala mtoto. Mwenye chumba kimoja cha kulala, kula na hobi, hapa ana sababu tosha ya kuchagua plastiki, hata kama boti anayoipenda ni ya resini. Plastiki nayo ina vumbi, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni ya kisu na si ya msumeno.

Maana resini ina visiki. Kila kipande kinatoka kimeshikana na kisiki cha mahali ilipomiminwa, na kwenye bodi kisiki hicho kinaweza kuwa na upana wa vidole viwili. Kinakatwa kwa msumeno wa meno madogo. Kabla ya hayo yote vipande vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kutolea kwenye kalibu yakibaki, rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, kwa resini si hiari.

Vitu vidogo, na joto letu

Bunduki ya resini iliyomiminwa vizuri inaipita ya plastiki: mdomo una tundu, mikanda ya risasi inaonekana punje kwa punje. Lakini mtutu mwembamba wa resini, kwenye nyumba ya Mombasa au Dar yenye joto, unaweza kuinama wenyewe baada ya muda. Nguzo za bendera na milingoti vivyo hivyo. Resini hulegea kwa joto la chini kuliko polistirini. Ukiiacha boti ndani ya gari lililofungwa juani utakuta mizinga imesujudu. Wanaojua hubadilisha kila kilicho kirefu na chembamba kwa waya au mrija wa shaba, na seti nzuri za resini huja nao tayari pamoja na vibati vilivyochongwa kwa tindikali kwa ajili ya reli na ngazi.

Ndiyo maana naipenda njia ya katikati: bodi ya plastiki, silaha na wanajeshi wa resini. Kuna watengenezaji, kama Black Dog wa Ucheki, ambao biashara yao kubwa ni vifaa vya kuongeza. Boti ya vita ya kweli ilijaa vitu: majaketi ya kuzuia risasi, masanduku ya risasi, ndoo, kamba, chakula. Sitaha safi ya plastiki ikishatiwa marundo machache ya resini inabadilika kabisa, na gharama haijafika nusu ya seti kamili.

Ukubwa wa meza yako

Hesabu hii wengi huiruka, kisha boti inakosa pa kukaa. Urefu ni wa boti nzima, kwa sentimita:

| Boti | Halisi | 1/72 | 1/35 |
|---|---|---|---|
| PBR Mk II | mita 9.75 | 13.5 | 28 |
| LCVP ya Higgins (ya kushusha wanajeshi) | mita 11 | 15 | 31.5 |
| Mimi na Toutou | mita 12.2 | 17 | 35 |
| Swift | mita 15.2 | 21 | 43.5 |
| Elco ya futi 80 | mita 24.4 | 34 | 70 |
| S-100 | mita 34.9 | 48.5 | 100 |

Resini ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Elco ya 1/35 ya plastiki unaibeba kwa mkono mmoja. Ya resini ya ukubwa huo inataka rafu imara, na pia nauli, kwa sababu posta inapima kilo.

Ukishuka chini, kwa 1/350 Elco inabaki sentimita saba, na kwa 1/700 tatu na nusu. Hapo resini haina mpinzani. Boti nzima inatoka kama kipande kimoja chenye sitaha, kibanda na vifuniko vyake, na kazi yako ni kuosha, kukata kisiki na kupaka rangi. Combrig wa Urusi walijijengea jina kwa vyombo vya skeli hizo mbili. Kama unataka kuonja resini kabla ya kuingia gharama, anza na kijiboti cha namna hii; ukiharibu, umepoteza kidogo.

Na ile ya kuchapwa?

Siku hizi resini inamaanisha pia ile ya mashine ya 3D, inayogandishwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Ni jamii tofauti na poliyurethini. Ncha zake ni kali ajabu, haina vijishimo vya hewa, na boti isiyo na soko inaweza kuchapwa moja tu kwa skeli unayoitaka. Kasoro yake ni wepesi wa kuvunjika, alama za nguzo zilizoishikilia wakati wa kuchapwa, na mistari ya tabaka, ambayo kwenye ubavu mpana wa boti inaonekana kuliko popote. Bodi ndefu pia huchapwa vipande, na hapo mshono tuliokimbia kwenye plastiki umerudi. Ikiwa unachapa mwenyewe, resini ambayo haijaganda haiguswi bila glavu wala haimwagwi kwenye sinki.

Boti moja moja

PBR: chukua Pibber ya Tamiya ya 1/35, plastiki. Ni seti ya miaka mingi na inaonyesha umri wake kwenye silaha na wanajeshi, lakini bodi yake inaungana bila ugomvi, na ya kweli ilikuwa ya faibaglasi laini isiyo na misumari wala mbao za kuigiza. Badilisha rashasha kwa za resini, umemaliza.

LCVP ya kushusha wanajeshi: Italeri, plastiki, bila kufikiri mara mbili. Ni sanduku la mbao lenye mlango mbele. Resini haikupi kitu hapa.

Swift: Revell wanayo kwa plastiki. Asiyejali yale mabonyeo ya alumini atosheke nayo. Anayejali, na anayeitaka kwa 1/35, hapo resini inaanza kuhalalisha bei yake.

Elco na S-100: plastiki, na kwa S-100 usisahau mataruma ya ndani. Ya Revell ya 1/72 ina urefu wa karibu nusu mita na inatosha kwa nyumba ya kawaida. Ile ya 1/35 mshirikishe mwenye nyumba mwenzako kabla hujaagiza.

Monitor na ATC (boti ya kivita ya kubeba wanajeshi), zile zilizogeuzwa kutoka boti za kushusha vifaru za LCM-6: kwa 1/35 mashabiki wamezipata zaidi kupitia resini, na ni boti zinazoisamehe resini. Bodi ni bapa, pembe ni kavu, mabati yamepondekapondeka, kutu imetapakaa. Kijishimo cha hewa ulichokisahau kitasomeka kama tundu la risasi. Kazi kubwa iko kwenye zile nondo za ubavuni: zikiwa za resini, zing'oe uweke waya wa shaba au vijiti vya plastiki, maana hazitanyooka hata siku moja.

Sanduku la resini likifika, lifungue siku hiyohiyo. Hesabu vipande ukilinganisha na karatasi, weka bodi juu ya kioo uone kama inacheza, pitisha ukucha kwenye ncha za sitaha kutafuta uwazi uliofichwa na ngozi nyembamba ya resini, na piga picha ya kilichovunjika kabla hujakigusa. Warsha nyingi ndogo hutuma kipande kingine bila ubishi, lakini ziandikie mapema, wakati kalibu ya boti yako bado ina uhai.